Hesabu ya Kata Moja ya Maji



Bibi yangu mzaa mama ni Mbajuni wa Koyama, kisiwa kilichoko kusini ya Kismayu katika pwani ya Somalia. Alikiacha kisiwa hicho angali kijana, alipoolewa na baharia wa Tanga, na mpaka leo hawezi kumwona mtoto akipiga mswaki huku bomba li wazi bila ya kupaza sauti. Koyama ni kisiwa cha matumbawe. Hakina mto wala kijito. Maji yake ni ya mvua na ya visima. Hunisimulia kwamba nyumbani kwao mtungi ulikuwa na kata yake, na mama mwenye nyumba alijua asubuhi zimetiwa kata ngapi na hadi magharibi zimetoka ngapi. Zikipungua kata mbili pasipo maelezo, watu wote wa nyumba waliulizwa, mgeni na mwenyeji.

Mwezi uliopita nilimsomea bili yetu ya maji. Ilitudai uniti 48. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kwa hiyo nyumba yetu ya watu sita ilidaiwa madumu 2,400, katika mwezi ambao maji yalitoka siku saba tu, tena mengine usiku wa manane. Tangi letu ni la lita 1,000. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, na hao wakuhesabuo wewe, wao huhesabiwa na nani?"

Nilikwenda ofisini mara tatu. Mara ya tatu karani mmoja mwungwana alikiri kwamba msomaji wa dira hakufika mtaani kwetu, na kwamba tarakimu ile ilikadiriwa mezani. Dira yenyewe ilikuwa imesogea uniti 9. Bili ikarekebishwa, nami nashukuru. Lakini swali la bibi lilikuwa bado halijajibiwa, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Wanaozihesabu mamlaka za maji hapa Tanzania wapo, tena kwa sheria. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, aliyewekwa na Ibara ya 143 ya Katiba, hukagua vitabu vyao vya fedha, na taarifa yake hufikishwa Bungeni, ambako Kamati huwaita wakuu wa mashirika wajieleze. EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006, huidhinisha bei za maji na kila mwaka hutoa taarifa inayozipima mamlaka moja baada ya nyingine. Mamlaka haiwezi kupandisha bei kwa kujiamulia. Lazima kwanza kufanyike taftishi, yaani mkutano wa hadhara ambao mwananchi yeyote aweza kusimama na kuuliza.

Katika taarifa hizo iko hesabu moja ambayo mama yeyote wa Koyama angeielewa bila ya kwenda chuo: maji yaliyosukumwa kutoka chanzoni, toa maji yaliyolipiwa. Tofauti yake huitwa upotevu wa maji. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20. Kwa miaka ya karibuni mamlaka zetu, zikichukuliwa kwa jumla, zimekuwa zikipoteza takriban theluthi moja. Sehemu huvuja katika mabomba ya zamani, sehemu huibwa kwa maunganisho ya siri, na sehemu hupotea kwa dira mbovu na wasomaji wasiofika. Lakini umeme wa kuyasukuma maji hayo na dawa ya kuyatibu vimekwisha gharimiwa. Gharama hiyo huingia katika bei ya yule anayelipa.

Na asiyefikiwa na bomba hulipa zaidi. Mtaani kwetu dumu la mkokoteni ni shilingi 500 maji yanapokatika. Zidisha kwa 50: uniti moja yafika shilingi 25,000. Bei ya mamlaka haifikii hata sehemu ya tano ya hiyo. Basi kila lita inayopotea njiani humrudisha mama fulani kwenye mkokoteni.

Wako wanaodhani dawa ni kuikabidhi kazi kampuni binafsi. Jiji la Dar es Salaam lilijaribu. Mwezi Agosti 1, 2003, kampuni ya City Water ilipewa kuendesha huduma na kukusanya malipo kwa mkataba wa miaka 10. Ikakusanya pungufu ya ilivyokusanya DAWASA kabla yake, na Mei 2005 Serikali ikauvunja mkataba. Kesi zilizofuata zilichukua muda hadi mwaka 2008. Mtungi ulibadilishwa mshikaji, lakini kata zilizidi kupungua.

Hapa sina budi kusema jambo lisilotupendeza sisi watumishi wa Serikali. Miongoni mwa wadaiwa sugu wa mamlaka za maji zimo taasisi za Serikali yenyewe. Mkaguzi na mdaiwa wanakula sahani moja. Mjane akichelewesha bili mwezi mmoja hukatiwa. Ofisi yenye bendera huandikiwa barua ya kukumbushwa. Tena ukaguzi huja umechelewa: mwaka wa fedha hufungwa Juni 30, nayo taarifa ya Mkaguzi Mkuu humfikia Rais mwezi Machi unaofuata. Bomba lililopasuka Julai halingoji Machi.

Hata hivyo sidharau kuwa na wa kumwuliza. Serikali kuu ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya, jamaa za bibi wakiwa miongoni mwao. Waliobaki visiwani hawakuwa na ofisi ya kwenda hata mara moja, sembuse mara tatu.

Nyumbani mwetu sasa pana daftari karibu na dira. Kila Jumamosi asubuhi mwanangu huandika tarakimu na tarehe. Mara moja kwa mwezi, usiku maji yanapokuwapo, tunafunga mabomba yote na kuisoma dira, kisha tunaisoma tena alfajiri kabla mtu hajatawadha. Ikiwa imesogea, uvujaji ni wetu wala si wa mamlaka. Ikiwa haikusogea na bili ni kubwa, daftari ndilo shahidi. Mamlaka isipokusikiliza, peleka malalamiko yako EWURA.

Nilihudhuria pia taftishi moja ya bei. Ukumbi ulijaa wanaume. Wanawake tulikuwa wachache, ingawa ndio tuamkao saa nane za usiku kukinga maji. Nilisimama nikauliza: mwaka jana mlisukuma uniti ngapi, na zilizolipiwa ni ngapi? Mkuu aliyekuwapo alisema swali ni zuri, na kwamba nitaletewa jibu kwa maandishi. Bibi huniulizia barua hiyo kila Ijumaa. Hadi ninapoandika haya, haijafika.