Risala ya waandaaji programu kwa Mkurugenzi wa Tehama kuhusu makontena ya kujengea programu

Ndugu Mkurugenzi,

Tunaleta kero moja iliyozaa nyingine nyingi: kila mradi una Dockerfile yake ya kontena la kujengea, na karibu zote zilinakiliwa kutoka mradi jirani. Tangu hapo kila moja imeshika njia yake. Huku Java 11, kule Java 17, na kwingine pameandikwa `latest`, yaani chochote kitakachokutwa siku hiyo.

Machungu yake tuliyaonja kwa Debian 10, msingi wa imeji zetu. Msaada wake wa muda mrefu ulikoma Juni 2024, kisha vifurushi vyake vikahamishiwa kwenye ghala la kumbukumbu. Ujenzi ukakwama, nasi tukapita faili kwa faili tukibadilisha mstari uleule. Tulizozisahau zilijitangaza zenyewe, aghalabu Ijumaa jioni. Baya zaidi, baadhi ya faili hizo zina nywila. Kufuta nywila hizo katika hatua inayofuata ya ujenzi hakusaidii, maana tabaka la chini la imeji huendelea kuzihifadhi, na yeyote mwenye imeji anaweza kuzisoma.

Dawa yake si ngeni. Imeji rasmi za Docker za Python na Go huzalishwa kwa kiolezo, faili ya `versions.json` na hati ya `apply-templates.sh`. Kila Dockerfile inayotoka hubeba onyo kwamba isihaririwe moja kwa moja.

Kwa hiyo tunadai kiolezo kimoja cha pamoja; mradi ubaki na faili fupi ya kutaja toleo la lugha na vifurushi vyake tu. Dockerfile zizalishwe na mashine, na atakayezihariri kwa mkono akataliwe, hata akiwa meneja. Nywila ziondolewe, kwani BuildKit, zana ya Docker ya kujenga imeji, ina njia ya kuzipitisha wakati wa ujenzi bila kuziacha ndani ya imeji. Tena, kiolezo kikiguswa, imeji za miradi yote zijengwe kwanza kwa majaribio, kwa kuwa kosa moja humo litatuangusha sote. Ndiyo maana pia tunapinga kiolezo kilichosheheni masharti ya kumridhisha kila mmoja: hakitasomeka, na watu watarudi kunakili.

Mwisho, kazi hii ipewe wenyewe, na muda wake utengwe. Hadi sasa huifanya yule aliyeingiwa na huruma. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya bajeti ya robo ijayo kupitishwa.

Wako katika kazi,
Waandaaji Programu