KONA YA AFYA: Hesabu miligramu, siyo vidonge

Mwezi huu tunarudi tena kwenye presha, maana kuna swali moja lilitukaa kichwani. Mama mmoja aliuliza hivi: "Mimi nameza dawa tatu za presha kila siku, sikosi hata siku moja, chumvi nimepunguza, lakini wakinipima bado ni 170 kwa 100. Sasa wameniongezea kidonge cha nne, wanasema ni cha mambo ya homoni. Homoni inaingia wapi kwenye presha?"

Swali zuri, mama. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayoitwa adrenali, imekaa kama kofia. Tezi hiyo inatoa homoni inayoitwa aldosteroni. Kazi yake ni kuziambia figo zishike chumvi na maji, na zitoe potasiamu kwenye mkojo. Mwili unaihitaji, ila kwa kiasi. Kwa watu wengine tezi inaitoa kupita kiasi, haijui kunyamaza. Chumvi inabaki mwilini, maji yanabaki nayo, presha inapanda. Na potasiamu ikipotea sana, mtu anasikia miguu haina nguvu, misuli inakaza usiku, anaamka mara kwa mara kwenda kukojoa. Ila wengi potasiamu yao haishuki, kwa hiyo msingoje dalili hizo.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1955 na daktari mmoja wa Marekani, Jerome Conn, kwa hiyo wengine wanauita ugonjwa wa Conn. Zamani ilidhaniwa ni kitu cha nadra sana. Siku hizi waganga wanakadiria kwamba kati ya watu 100 wenye presha, 5 mpaka 10 wanao, na wengi hawajui. Kipimo chenyewe cha aldosteroni hakipatikani kwenye vituo vyetu vidogo vya afya. Ndiyo maana mara nyingi munganga anaangalia mwenendo: presha imekataa kushuka kwa dawa tatu, basi anaongeza ya nne. Hiyo siyo kubahatisha. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa presha sugu ya namna hiyo, dawa inayozuia aldosteroni ilishinda dawa nyingine mbili walizolinganisha nayo. Na mwaka 2017 ulitoka utafiti wa wagonjwa wa Kenya, Nigeria na Afrika Kusini ambao presha yao ilikuwa imekataa. Huko nako ilionekana kwamba kuchagua dawa kwa kufuata homoni za mgonjwa mwenyewe kunasaidia.

Dawa yenyewe inaitwa spironolaktoni. Kwenye boksi mtaona Spironolactone, na boksi lingine limeandikwa Aldactone. Ni kitu kilekile. Msije mkameza yote mawili mkidhani ni dawa mbili.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Dawa hii inatengenezwa kwa ukubwa tofauti: kuna kidonge cha miligramu 25, kuna cha 50, kuna cha 100. Kwa macho vinaweza kufanana. Mtu akikuambia "mimi nameza viwili", hajakuambia kitu bado. Viwili vya 25 ni 50. Viwili vya 100 ni 200. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne anaiweza, lakini nyumbani hakuna anayeifanya.

Mzee mmoja jirani yetu alikuwa anameza viwili vya 25 kila asubuhi, na presha ilikuwa imeanza kutii. Dawa ikakosekana mwezi ule. Kijana wake akapanda boda mpaka mjini, akanunua kwa pesa ya mahindi, akarudi na furaha. Kumbe zile zilikuwa za 100. Mzee akaendelea na viwili vyake kama kawaida. Siku ya tisa miguu ikalegea, mapigo ya moyo yakawa ya polepole, watu wakasema ni malaria. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye aliyechukua karatasi la dawa la zamani na lile jipya, akayaweka pamoja kwenye mkeka, akasoma namba. Walimpeleka hospitali usiku huohuo. Potasiamu ilikuwa imepanda mno. Alilazwa siku kadhaa, akapona.

Hapo mtaelewa kwa nini tunasisitiza. Aldosteroni inatoa potasiamu. Dawa hii inaizuia isitoke. Ikizuia kupita kiasi, potasiamu inajaa kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo. Tena mara nyingine hakuna dalili yoyote mpaka mambo yameharibika. Ndiyo sababu wakikuanzishia dawa hii, au wakikuongezea, lazima damu ipimwe potasiamu na figo baada ya wiki chache. Munganga akisahau kukuambia, muulize wewe, kwa heshima: "Dakitari, damu yangu itapimwa lini?" Kuuliza siyo utovu wa adabu.

Wengi wanaanza na miligramu 25 mara moja kwa siku, wengine na nusu yake, hasa wazee na wenye figo dhaifu. Kisha inapandishwa polepole, na kwa ugonjwa huu wengi wanafika mahali kati ya 25 na 100. Haifanyi kazi kwa haraka. Inachukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake yote, kwa hiyo msiihukumu kwa siku tatu, na msijiongezee wenyewe. Imezeni asubuhi pamoja na chakula, maana inakojoza. Ukisahau ya jana, usimeze mbili leo.

Lile daftari la mazoezi mnalopeleka kituo cha afya, liandikwe miligramu, siyo "1x1" peke yake. Mwombe anayetoa dawa aandike jina, miligramu za kidonge kimoja, na jumla kwa siku. Boksi likibadilika rangi, msimeze kabla hamjasoma namba. Kama baba na mama hawasomi, mtoto wa shule yupo, na VHT wa kijiji yupo.

Kuna dawa zinazogombana na hii. Diklofenaki na ibuprofeni, zile mnazonunua dukani kwa ajili ya mgongo, zinaumiza figo na kupandisha potasiamu. Kwa maumivu ulizeni kuhusu Panado. Septrin nayo inapandisha potasiamu. Tunajua wapo wanaoimeza kila siku kwa maagizo. Msiiache! Lakini munganga wa presha lazima ajue kwamba mnaimeza, hata kama mnaona aibu kusema kwa nini. Mkipatwa na kuhara au kutapika sana, nendeni kituoni siku hiyohiyo mkaulize kama dawa isimame kidogo. Wanaofunga Ramadhani waulize kabla mwezi haujaanza.

Wanaume wengine matiti yanauma au yanavimba. Hili watu hawalisemi, wanaacha dawa kimyakimya, presha inarudi juu. Semeni. Kipimo kinaweza kupunguzwa, na kuna dawa nyingine kama eplerenoni na amiloridi, ingawa kuzipata huku siyo rahisi. Akina mama, hedhi inaweza kuvurugika. Na mwenye mimba, au anayetaka kushika mimba, aseme mapema, kwa sababu hii siyo dawa ya mjamzito, atabadilishiwa.

Chumvi bado ni adui hata ukimeza dawa. Angara waliokaushwa kwa chumvi waloweke na mmwage maji kabla ya kupika. Maharage na mboga za majani msiache kwa kuogopa potasiamu, isipokuwa munganga aliyeona majibu ya damu yenu ndiye amesema.

Maswali ya mwezi ujao mpeni mwalimu yeyote wa zamu, au mtoto alete kwenye daftari lake. Wengi mmeuliza kuhusu kisukari, tutaanza na hicho.