Pepo Yake, Zamu Yetu Sote



Kila ukoo unaye. Ni yule binti ambaye hakuolewa, au aliyeachika akarudi nyumbani. Mama alipoanza kusahau akaambiwa, "Wewe ndiye huna mambo mengi." Tangu hapo hajalala usiku mzima. Anamkosha mama, anambembeleza ale, anafunga mlango asitoke kumtafuta mume aliyekwishakufa. Ndugu wakija Sikukuu wanamwambia, "Masha Allah, pepo yako hiyo." Kisha wanaondoka.

Nauliza: ikiwa ni pepo, mbona mnamwachia peke yake?

Tusidanganyane. Aya ya 23 ya Suratul Israa, inayotuamrisha kuwatendea wema wazazi wakifikia uzee, haikumtaja binti mmoja, wala haikuwatoa wanaume. Radhi tunazitaka sote, kazi tumemtupia mmoja.

Wengine husema "uzee tu huo," au "karogwa." Dimensia ni maradhi ya ubongo, na Alzheimer ndiyo aina yake iliyo nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, na kwamba asilimia 70 ya saa za kuwahudumia hutolewa na wanawake. Haina dawa ya kuiponesha, na huchukua miaka. Mtu mmoja hawezi. Anayeuguza naye huugua. Akichoka sana hamaki humtoka, na anayeumia ni mama yule yule.

Pesa za kutoka Maskati na Dar tunazishukuru, zinanunua nepi. Lakini pesa hazimgeuzi mgonjwa kitandani saa nane za usiku. Na Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ni haki ya mzee mwenyewe, si mshahara wa binti yake.

Basi kaeni kikao cha ukoo wiki hii, muandike zamu. Kaka naye awemo. Kumlisha mama na kukaa naye si kazi ya mwanamke peke yake. Aliye mbali amlipe msaidizi kwa siku za zamu yake. Dada apate siku ya kulala, ya darsa, ya harusi, ya kwenda kwa daktari, bila ya kuulizwa mama kamwacha na nani.

Na wewe dada uliyechoka: kuomba kupokelewa si kukosa radhi. Sema. Wasiposikia, sema tena mbele ya watu wazima wa ukoo.