Wanapokuja Kupima Akili ya Mtoto



Juma lililopita, baada ya mkutano, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma. Alituambia kwamba wageni wenye karatasi walipita mtaani kwao. Walimwita mtoto wake wa miaka 6, wakamwonyesha picha, wakamwuliza maswali kwa Kifaransa. Mtoto akanyamaza. Wakaandika alama ndogo, wakaenda zao. "Sasa niambieni," mama akauliza, "mtoto wangu hana akili?"

Wengine wetu tulitaka kucheka, maana mtoto huyo tunamjua. Ndiye anatumwa sokoni kununua mafuta na chumvi, na hajapoteza hata franka moja. Lakini mama yake hakucheka. Alikuwa hajalala usiku kucha. Basi tukaona inafaa safu yetu ya juma hili ijibu swali lake, kwa faida ya mama wote: wataalamu wa akili na tabia wanajuaje wanayoyasema? Na sisi tunapaswa kuamini lini, na kuuliza lini?

Elimu hii inaitwa saikolojia. Muganga akitaka kujua kama mtoto ana malaria, anachukua tone la damu na kuliangalia kwa darubini. Lakini hofu, upendo, kumbukumbu na akili haviwekwi chini ya darubini. Kwa hiyo wataalamu wametafuta njia nyingine. Tutaeleza nne, kwa mifano ya majirani zetu na ya nchi yetu.

NJIA YA KWANZA: KUTAZAMA

Katika mwaka wa 1954 na 1955, bibi mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, alikaa Uganda. Alitembelea nyumba za akina mama 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, pamoja na watoto wao wachanga 28. Hakwenda mara moja tu. Alirudi kila baada ya majuma mawili hivi, kwa miezi mingi, akiwa na mkalimani, akikaa na mama na kuandika aliyoyaona: mtoto analia lini, anamfuata nani, anafanya nini mama akitoka nje.

Aliona jambo ambalo kila bibi wa kijiji analijua, lakini ambalo wataalamu wengi wa wakati ule walikuwa hawalikubali: mtoto hampendi mama kwa sababu ya maziwa tu. Mama ni kituo chake. Anatambaa kwenda kuangalia dunia, anageuka kuhakikisha kama mama bado yupo, kisha anaendelea. Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka wa 1967, na mafundisho yaliyotokana na kazi hiyo yanasomwa mpaka leo duniani kote. Yalianza kwa mama wa Kiafrika waliokubali mgeni aketi nyumbani mwao.

Uzuri wa kutazama ni kwamba unamwona mtoto mahali pake. Ubaya wake ni kwamba familia 26 si dunia nzima, na mtu akitazamwa anaweza kubadili mwenendo. Ninyi wenyewe mnajua jinsi nyumba inavyofagiliwa upesi mgeni akionekana njiani.

NJIA YA PILI: KIPIMO

Hapa ndipo tunakuta taabu ya mama mwenzetu. Kipimo ni maswali au kazi zilezile zinazopewa watoto wote, ili walinganishwe. Lakini je, kazi hiyo watoto wote wameizoea sawasawa?

Mwaka wa 1979, mtaalamu Robert Serpell, aliyefundisha kwenye Chuo Kikuu cha Zambia, alitoa habari ya watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Aliwapa watoto wa pande zote mbili maumbo ya kuiga. Kwanza wayachore kwa kalamu kwenye karatasi: watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kisha wayatengeneze kwa nyaya: watoto wa Zambia waliwashinda. Walipotumia udongo wa kufinyanga, hawakutofautiana.

Mama, umekwisha kuona watoto wetu wakiunda mutuka kwa nyaya za kuokota, zenye magurudumu na usukani? Basi umeelewa. Kama Serpell angeleta kalamu tu, angeandika kwamba watoto wa Afrika wamebaki nyuma. Kama angeleta nyaya tu, angeandika kinyume. Akili ilikuwepo pande zote. Kilichotofautiana ni kile ambacho mikono ilizoea.

Katika nchi yetu pia jambo kama hilo lilionekana. Miaka ya 1950, mtaalamu André Ombredane wa Bruxelles na wenzake waliwapima Wakongo kwa kipimo cha maumbo ya rangi, kisha wakarudia kipimo kilekile kwa watu walewale. Alama zilipanda. Je, watu hao walikuwa wameongezewa akili katika siku chache? Hapana. Walikuwa wamekwisha kuelewa mgeni anataka nini.

Kwa hiyo, mama, mtoto wa miaka 6 aliyenyamaza mbele ya mtu asiyemjua, anayesema lugha ambayo nyumbani haisemwi, ameonyesha kitu kimoja tu: siku ile, mbele ya mtu yule, alinyamaza. Sisi wenyewe tunamfundisha mtoto asiwe na mdomo mbele ya wakubwa. Kisha tunashangaa akitii?

NJIA YA TATU: KULINGANISHA

Msifikiri sasa kwamba tunawaambia mfukuze kila mwenye karatasi. Sikilizeni habari ya Kahemba, kule Kwango, karibu na mpaka wa Angola. Watu wa huko wanakula bukari ya mihogo kama sisi.

Huko kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtoto au mama analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Unatokea pale watu wanapokula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, hasa wakati wa njaa, bila maharagwe, samaki au nyama ya kusaidia mwili kuondoa sumu.

Wataalamu, kati yao Mkongo mwenzetu Dokta Désiré Tshala-Katumbay na Michael Boivin wa Marekani, waliuliza: je, sumu hiyo inagusa miguu tu, au na akili pia? Tazameni walivyofanya. Hawakuwapima wagonjwa peke yao. Walichukua makundi matatu: watoto wenye konzo, watoto wa mahali palepale wasio na konzo, na watoto wa mahali pengine pasipo na konzo. Wote walipewa kazi zilezile za kukumbuka, kujifunza na kutumia mikono.

Matokeo yalitoka mwaka wa 2013. Watoto wenye konzo walipata alama za chini. Lakini jambo lililowashtua wengi ni kundi la pili. Watoto wanaotembea vizuri, wanaocheza, ambao kila mtu aliwaona wazima, nao walikuwa chini katika kujifunza kuliko watoto wa mahali pasipo na konzo. Bila kundi la tatu, jambo hilo lingebaki limefichika. Mama angesema mtoto wake ni mvivu masomoni, kumbe ni chakula.

Hapa tuongeze onyo moja. Vitu viwili vikitembea pamoja, si lazima kimoja kilete kingine. Wakati wa mvua uyoga unajaa porini, na malaria inajaa nyumbani. Uyoga hauleti malaria; mvua inaleta yote mawili. Vivyo hivyo mtu anaweza kuuliza: labda ni umaskini wa Kahemba unaoshusha alama, wala si mihogo? Ni swali jema. Ndiyo sababu wataalamu wanatafuta vijiji vinavyofanana kwa maisha, wanapima na dalili ya sumu katika mkojo, na hawatosheki na utafiti mmoja.

NJIA YA NNE: KUJARIBU

Njia ya mwisho ni kubadili kitu kimoja na kuona kitakachofuata. Katika kijiji kimoja cha Popokabaka, akina mama walifundishwa njia rahisi ya kusafisha unga wa mihogo. Unga unachanganywa na maji kidogo, unatandazwa mwembamba juu ya mkeka au sahani pana, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha unapikwa bukari siku ileile. Sumu inatoka na hewa. Katika muda ambao mama hao waliitumia, hakukuonekana mgonjwa mpya wa konzo kijijini. Njia hiyo haichukui nafasi ya kuloweka mihogo siku 3 au 4. Inaongeza usalama juu yake. Tunawaomba muikumbuke, hasa wakati wa kiangazi maji yanapopungua na watu wanaharakisha mihogo kwenda sokoni.

WAKIBISHA HODI KWAKO

Tangu mwaka wa 1964, waganga wa dunia wana tangazo linaloitwa la Helsinki. Linasema kwamba mtu haingizwi katika utafiti bila kuelezwa na kukubali kwa hiari yake. Kwa hiyo, wageni wenye karatasi wakifika, mpe kiti na maji kama desturi yetu, kisha uulize bila haya:

Mnatafuta kujua nini, na nani amewapa ruhusa? Mtazungumza na mtoto kwa lugha gani? Kipimo hiki kimejaribiwa kwa watoto wa hapa, au kimetoka mbali? Mtapima watoto wangapi, na mtawalinganisha na nani? Jina la mtoto litafichwa? Mtarudi lini kutuambia mliyoyaona? Na nikikataa, au mtoto akikataa katikati, tutapoteza chochote?

Mtafiti mwema anafurahi kuulizwa. Anayekasirika, mwombe arudi siku nyingine pamoja na mkuu wa mtaa au muganga wa kituo cha afya.

Na kwa mama aliyebaki nyuma, jibu letu ni hili. Karatasi ile haikusema mtoto wako hana akili. Haiwezi kusema hivyo kwa siku moja. Lakini usiitupe pia. Mwangalie mwenyewe: anasikia vizuri? Anaona vizuri? Anakula nini asubuhi kabla ya kwenda masomo? Ukiona shaka, nenda kituo cha afya, na mmoja wetu atakusindikiza. Wewe umemtazama kwa miaka 6, usiku na mchana. Hakuna mtafiti aliyefikisha muda huo.

Katika mkutano ujao wa kikundi, kila mama alete kopo moja la unga wa mihogo na sahani pana. Tutautandaza pamoja.