Mawazo mengi, wazo moja

KIBARAZANI
Na Hamza Mdoe

Kiswahili kina utani wake. Mtu akiwa na wazo, tunampisha aseme. Akiwa na mawazo, tunampa pole. Neno ni lilelile, wingi tu ndio unaoumiza.

Mwaka juzi niliingia kwenye huo wingi. Saa tisa usiku niko macho, nahesabu: kodi ya miezi sita, ada ya kidato cha tatu, marejesho ya kikundi, presha ya mama kijijini. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Wenzangu walinipa dawa ileile ya wanaume: "Kaza, mwanangu." Nikakaza. Fundi yeyote atakwambia bolti ikikazwa kupita kiasi hukatika.

Aliyenifungua ni mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake mpaka chai ikapoa. "Baba, kuna nini?" Nikaanza kumtajia, ada, kodi, mama. Akanikatiza: "Hayo mengi. Leo lipi?" Nikasema ada. "Mwalimu mkuu umeshamwona?" Sikuwa nimemwona. Miezi miwili nimekesha na jambo ambalo mhusika hata hajalisikia! Kesho yake nilikwenda, tukakubaliana nilipe kwa awamu. Madeni mengine yalibaki palepale, lakini usiku ule nililala.

Baadaye nilipokuja kusoma habari za Harare, Zimbabwe, nilimwona yule mama katika kila mstari. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alitaka kuanzisha huduma katika kitongoji cha Mbare. Hakupewa chumba wala muuguzi. Alipewa akina bibi 14 waliokuwa wakijitolea kwenye afya ya jamii. Akawafundisha, akawaketisha na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati.

Washona wa huko wana neno kufungisisa: kuwaza kupita kiasi. Kwao kufunga ni kuwaza. Kwetu kufunga ni kwa kitasa na komeo, na aliyewahi kukesha anajua lugha zote mbili zimesema kweli. Hatua ya kwanza ya akina bibi hao inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mgonjwa anamwaga yote yanayomsibu, anachagua moja, anapanga hatua ndogo anayoiweza, kisha anarudi kueleza imekwendaje. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya kuipima njia hiyo. Miezi sita baadaye, karibu nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za sonona. Kwa waliokaa na akina bibi, walikuwa kama 14 katika kila 100.

Msomaji atauliza: benchi linalipa kodi ya nyumba? Halilipi, na akina bibi wanalijua hilo. Ndiyo maana wanaomaliza mazungumzo hukaribishwa kwenye kikundi, na humo wanawake hufuma mikoba ya plastiki zilizotumika na kuiuza.

Usiye na bibi karibu, chukua daftari la mtoto. Andika kila linalokukosesha usingizi, mpaka kalamu isimame. Yale usiyoyaweza, kama umri wa mama au bei ya mafuta, yawekee alama na uyaache kwa Mungu. Katika yaliyobaki chagua moja, uandike utakalofanya kabla ya Ijumaa. Liwe dogo hadi uone aibu kushindwa.

Sonona ina uongo wake: inakwambia subiri hamu irudi ndipo uinuke. Hamu haiji kitandani. Fua shati moja, shuka daladala kituo kimoja kabla ya kwako utembee, ukamsalimie shangazi. Mara nyingi hamu hukukuta njiani.

Wasiwasi nao hukaa kifuani. Moyo ukianza kukimbia, vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe taratibu kwa kuhesabu hadi sita, rudia kwa dakika chache. Kahawa ya jioni iache. Pombe itakulaza saa nne na kukuamsha saa nane, ikiwa na deni jipya mkononi. Dua siigusi. Wengi wetu ndiyo iliyotushika, na aliyeomba mvua hakatazwi kulima.

Lakini daftari lina mpaka wake. Wiki mbili zikipita huna raha na chochote, huli, hulali, kazi imekushinda, nenda hospitali. Ukianza kuona bora usiwepo, usingoje hata kesho: mwambie mtu, asikuache peke yako, mwende leo. Hospitali ya Mirembe kule Dodoma tumeigeuza tusi la vijiweni, na tusi hilo ndilo linalomfanya mgonjwa afiche maradhi yake mpaka yamzidi. Malaria hatuifichi hivyo.

Wiki hii atatokea mtu akwambie ana mawazo. Usimwambie akaze. Msogezee nafasi kwenye benchi, umuulize: leo lipi?