Mla Chaki Si Mtundu

Katika masoko ya Nairobi, toka katikati ya jiji hadi Kangemi na Kawangware, mawe laini ya kula huuzwa hadharani, na mjamzito ayanunuapo hapana anayeshangaa. Lakini mtoto mwenye selimundu akionekana akitafuna chaki au sifongo ya godoro, huitwa mtundu.

Nionavyo mimi, huko ni kuiadhibu dalili. Chembe nyekundu za damu huishi yapata siku 120. Za mgonjwa huyu huishi siku 10 hadi 20 tu. Upungufu wa damu na uchu wa aina hii aghalabu huandamana. Nao una madhara: udongo huleta minyoo, sifongo huweza kuziba utumbo.

Walimu wenzangu, viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Kejeli nazo zikome. Mwiteni mzazi, mtoto akapimwe damu. Wala asipewe vidonge vya madini ya chuma kabla ya kupimwa, kwani aliyeongezewa damu mara nyingi huenda akawa na madini hayo kupita kiasi.

Nanyi wanafunzi, msimcheke. Mwenzenu anaumwa.