Gari la kopo, njia ya ubao

Juma hili tuongee juu ya magari ambayo watoto wetu wanajitengenezea. Kutoka Vulamba na Mususa hapa Butembo mpaka Mulekera kule Beni, mtoto akipata kopo tupu la sardini, vifuniko vinne vya chupa na kipande cha waya, kesho yake ana Fuso. Mama mwingine anaona ni uchafu uwanjani, anatupa. Mama, soma kwanza.

Ulaya mchezo kama huu unauzwa dukani. Mwaka 1957 Mwingereza mmoja, Fred Francis, alianza kuuza njia ndogo za mashindano zinazoitwa Scalextric. Njia ina mifereji miwili. Kila gari lina kijiti chini yake kinachoingia mferejini, basi haliachi njia yake. Umeme unapita katika vyuma vya pembeni na kuzungusha mota. Mchezaji anaongeza au kupunguza mwendo kwa mkono; akizidisha kwenye kona, gari linaruka nje.

Kwetu umeme si wa kila nyumba, lakini milima hatukukosa. Mteremko utakuwa mota yetu. Tafuta ubao wa mita mbili. Pigilia juu yake vijiti vyembamba, viwili viwili, vikiachana kidogo ili katikati ubaki mfereji. Inua upande mmoja juu ya kiti. Mbele, chini ya kila gari, funga msumari mfupi wenye ncha butu, uingie mferejini. Gurudumu likate kutoka kambambili iliyochakaa, ekseli iwe spoki ya kinga.

Hapo hesabu inaanza. Magari mengi ya mchezo ule wa Ulaya ni sehemu moja juu ya 32 ya gari la kweli. Lori la mita 8 linakuwa la sentimita 25. Mtoto anayelia na sehemu kalasini atazielewa akipima lori lake mwenyewe. Kisha muulize: tukiweka jiwe dogo ndani ya gari, litakimbia zaidi? Tone la mafuta kwenye ekseli linasaidia? Usimpe jibu. Ajaribu mara tatu, ahesabu sekunde, aandike kwenye kaye.

Na binti yako pia apewe nyundo. Tukimtuma kuteka maji wakati kaka yake anapima magurudumu, kesho tusishangae kwamba kaka ndiye anajua kutengeneza.

Sasa jambo ambalo limenifanya niandike. Mtoto anayependa kutengeneza anaokota kila chuma. Na sisi tunaishi mahali ambapo watu wanapigana. Upande wa Beni mauaji yameendelea tangu mwaka 2014. Shambani na porini kunaweza kubaki grenadi, bomu au risasi, na kwa macho ya mtoto kitu kile ni ekseli nzuri au gurudumu zuri. Kwa hiyo tuweke sheria moja nyumbani: vyuma vya gari vinatoka jikoni kwa mama tu. Akiona chuma asichokijua, asiguse, asitupie jiwe, asikipige teke. Arudi polepole kwa njia aliyokuja nayo, amwambie mkubwa, na mkubwa apashe habari kwa chefu wa kartie. Mwambie pia kwamba hatapigwa kwa sababu alipita pale. Mtoto anayeogopa fimbo atanyamaza, na rafiki yake ataenda kukiokota.

Mengine ni madogo, lakini tusiyasahau. Ukingo wa kopo ukunjwe ndani kwa nyundo, kwa maana jeraha la bati chafu linaweza kuleta pepopunda. Akikatwa, osha kwa maji na sabuni, mpeleke kituo cha afya. Betri kuukuu isipasuliwe. Ndani mna asidi na risasi ya sumu. Na mashindano yafanyike uwanjani, si kwenye barabara ya taifa namba 2, ambako malori ya kweli hayana mfereji wa kuyashika.

Mtoto mwenye ubao wake nyumbani hana sababu ya kuzunguka mbali jioni. Basi kopo la leo lioshe, liweke pembeni, na wakati unampa, mwambie ile sheria. Katika kikundi, kila mama aipeleke kwa jirani ambaye hasomi.

Tukutane juma lijalo. Amani kwenu.